Beji ya Skauti Uliyoiokota Mitumbani: Maneno ya Sokoni na Ukweli Wake

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta kijana mmoja pale soko la Toi amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkononi waya wa kusugulia sufuria, anaisugua beji ndogo ya skauti. Nikamwambia, "Kijana wangu, hebu pumzika kidogo." Akanijibu bila kuinua macho, "Mzee, wateja wa hapa wanataka kitu kinachong'aa." Nilipoipokea, upande mmoja ulikuwa bado na kahawia yake ya miaka mingi, laini kama mpini wa jembe la zamani. Upande wa pili ulikuwa umegeuka njano, mikwaruzo imekwenda huku na huku. Mgongoni, palipokuwa na jina la mtengenezaji, zilibaki herufi mbili. Niliinunua, ila kwa bei ndogo kuliko ile ambayo ningempa robo saa kabla.

Nimekusanya vitu vya skauti kwa muda mrefu, na inaniuma kuona wauzaji wetu wakipoteza pesa, na nchi ikipoteza kumbukumbu, kwa sababu ya maneno ambayo sokoni kila mtu anayarudia na hakuna anayeyapima.

"Sugua ing'ae, itauzika haraka"

Itauzika, kwa bei ya kifungo cha shaba. Ile rangi iliyokolea juu ya chuma imejijenga kwa miongo, na mkusanyaji huipenda kwa kuwa si rahisi kuiiga. Brasso, ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote huila. Kibaya zaidi, husaga maandishi madogo. Nishani za fedha za Uingereza hupigwa mihuri: simba anayetembea maana yake ni fedha ya sehemu 925 kwa 1000, nanga maana yake ilikaguliwa Birmingham, na herufi iliyo kando hutaja mwaka. Mihuri hiyo ni midogo mno, mingine huioni bila lenzi. Ukiisugua umefuta cheti cha kuzaliwa cha kitu hicho. Chukua brashi laini, kavu, ondoa vumbi, basi. Skafu na beji za kitambaa usizifue wala usizipige pasi.

"Imeandikwa 1907, basi ni ya 1907"

Kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, ilifanyika kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907. Ndiyo maana mwaka huo huandikwa kila skauti wanapoadhimisha jubilei. Beji nyingi zenye 1907 zilitengenezwa 1957, na nyingine 2007. Vitabu ni vivyo hivyo. Scouting for Boys kilianza kutoka Januari 1908 kwa vijitabu sita, kila kimoja pensi 4. Nakala nene utakayoipata kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, hata ikitaja 1908 kwenye kurasa za mwanzo, karibu kila mara ni chapa ya baadaye.

Mimi hutazama taji kabla ya mwaka. Zamani kijana aliyefika daraja la juu kabisa aliitwa Skauti wa Mfalme, na beji yake ilikuwa na taji juu. Chukua lenzi uangalie matao ya taji hilo. Yakipanda na kuviringana kama kuba la msikiti, ni taji la enzi ya wafalme, kabla ya 1952. Yakiwa yamebonyea katikati, pale tufe na msalaba vinapokaa, ni la enzi ya Malkia Elizabeth. Na badiliko hilo lina mizizi hapa kwetu: Februari 1952 binti huyo alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, baba yake alipofariki, akawa malkia akiwa juu ya mti wetu. Treetops yenyewe ilijengwa na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell katika siku za mwanzo za skauti. Kila nikishika beji ya taji lililobonyea nawaza juu ya mti ule.

Uskauti uliingia Kenya 1910, kwa hiyo kuna zaidi ya nusu karne ya vitu vya kabla ya uhuru. Lakini uzee peke yake hauleti bei. Beji za kawaida zilitolewa kwa wingi mno, na nyingi hazifikii nauli ya kwenda kuziuza. Kinachopandisha bei ni uchache, hali ya kitu, na jina la mahali: kitambaa kilichoshonwa jina la kundi la Nairobi kinaweza kuipita pini nzuri ya London.

"Ina alama ya Hitler, itupe"

Hii ndiyo dhana iliyoharibu vitu vingi kuliko zote. Nimewahi kuona nishani ya skauti iliyokwanguliwa kwa kisu kwa sababu ilikuwa na swastika. Ukweli ni kwamba skauti wa Uingereza waliweka alama hiyo kwenye beji ya shukrani tangu 1911, ua la yungiyungi likiwa juu yake, na kwenye nishani ya sifa tangu 1922. Wakati huo ilijulikana kama alama ya heri, na India imetumika hivyo tangu kale. Chama cha Hitler kiliichukua 1920. Ujerumani ilipoingia mikononi mwake, skauti wenyewe waliomba ibadilishwe, na nishani mpya isiyo nayo ikatoka 1935. Basi swastika yenye yungiyungi inakuambia kwamba kitu ni cha kabla ya hapo, tena si rahisi kukipata. Ukiiuza, eleza historia yake waziwazi, maana mnunuzi asiyejua ataogopa, na haki yake kuogopa.

"Hii ni sahihi ya Baden-Powell mwenyewe"

Kwa kuwa mzee huyo aliishi Nyeri kuanzia 1938, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan, na akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, watu huamini kila karatasi yenye jina lake aliishika. Vyeti vingi vilichapishwa na sahihi tayari. Weka lenzi. Wino wa kalamu huwa mzito pale mkono ulipokandamiza na mwembamba pale ulipopaa, na huzama kwenye nyuzi za karatasi. Sahihi ya kuchapwa ina uzito mmoja, au imejaa vitone. Kisha linganisha tarehe: cheo cha Baroni wa Gilwell alikipata 1929, kwa hiyo "Baden-Powell of Gilwell" kwenye barua ya 1915 ni kasoro, na chochote cha baada ya Januari 1941 hakihitaji maelezo.

Shanga za mbao za walimu wa skauti nazo huuzwa kwa hadithi ya mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Hadithi ina msingi: mafunzo ya kwanza pale Gilwell Park, kituo cha skauti Uingereza, Septemba 1919, yalitumia shanga za mkufu unaosemekana kuwa ndio huo. Lakini zilikwisha mapema, na tangu hapo huchongwa nakala. Jozi utakayoikuta soko la Gikomba ni nakala.

"Imulike na taa ya noti, isipowaka ni ya zamani"

Hapa kuna nusu ya ukweli. Nyuzi nyingi za kisasa huwaka samawati chini ya ile taa ya kukagulia noti bandia iliyo dukani. Lakini sabuni za unga za leo huacha kemikali ileile ya kung'arisha, kwa hiyo skafu ya miaka ya 1930 iliyofuliwa juzi itawaka pia. Na kuna nyuzi mpya za pamba zisizowaka. Taa ni shahidi mmoja, usimwachie kesi nzima.

"Ukiiuza nje utafungwa"

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 hulinda vitu vya kale, na huvitaja kuwa vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Skauti hawakuwapo. Hata hivyo waziri anaweza kutangaza kitu fulani kuwa cha kulindwa, kwa hiyo chenye uzito wa kitaifa kipeleke kwanza pale Makumbusho ya Taifa ukaulize. Na ukikuta kizuizi cha skafu kilichochongwa kwa pembe ya ndovu, usikiuze kabisa. Sheria ya wanyamapori haitazami kama babu alikuwa skauti.

"Mtandaoni nimeiona kwa dola mia nne"

Hiyo ni bei anayoiota mwenye duka. Kwenye eBay chagua kuona vilivyokwisha kuuzwa, utapata bei ambayo mtu alilipa kweli. Ukitangaza chako, piga picha mbele na mgongo, weka rula kando, onyesha kila ufa, na usiandike "adimu" kama huna ushahidi.

Tena, usitenganishe kitu na karatasi zake. Kijana yule wa Toi aliniita tena baada ya wiki mbili. Alikuwa na bati la biskuti alilolinunua kwenye nyumba iliyokuwa ikihamwa, ndani mna beji tatu za kitambaa, za kawaida tu. Nikamuuliza, "Hakukuwa na karatasi?" Akanyanyua kadi iliyokunjwa, aliyokuwa ameitia chini ya mguu wa meza isiyumbe. Ilikuwa kadi ya uanachama, ina jina la mtoto, kundi la Nairobi, tarehe ya kiapo, na alama ya matope ya mguu wa meza. Beji tatu nilimlipa mia tatu. Kadi nilimlipa elfu mbili, na meza tukaitafutia kipande cha mbao.