Virusi vya kuvu: si kila mamama (uyoga wa chaza) inayodumaa imeambukizwa

Kuvu ni jamii ya uyoga, ukungu na hamira, nayo pia hupata virusi. Haya ni madai matano yanayosemwa juu ya virusi hivyo, na majibu yake.

"Uyoga ukidumaa, una virusi."

Mara nyingi sivyo. Anza na hewa. Shina refu lenye kofia ndogo kama kifungo ni dalili ya banda lisilopumua, hewa ukaa imejaa. Fungua matundu ya juu na ya chini. Uyoga utakaofuata ukinyooka, kesi imekwisha. Kofia zikipasuka kingo, unyevu hautoshi, jambo la kawaida Iringa na Makambako kiangazi upepo unapokausha kila kitu. Madoa ya kijani kwenye mfuko wa mabua unamooteshwa uyoga ni ukungu wa trikoderma, na chanzo chake huwa mabua yaliyochemshwa haraka haraka au mikono michafu.

Virusi vishuku pale banda, mabua na maji ni vilevile, lakini nyuzi nyeupe zinachelewa kufunika mfuko, zinaacha viraka vitupu, na mavuno ya mbegu ileile yanashuka kila awamu. Fanya jaribio. Chemsha mabua ya pipa moja kwa saa 2, yapoe, yakamue mpaka yadondoshe matone machache tu. Jaza mifuko 10 kwa mbegu yako na 10 kwa mbegu mpya ya chanzo kingine, gramu 40 kwa kila kilo ya mabua hayo yaliyolowa. Mbegu mpya ikifunika mfuko kwa wiki 3 au 4 na yako ikabaki nyuma, mbegu yako imechoka. Kama ni virusi au ni uzee wa mbegu, maabara ndiyo itakayosema. Kwako wewe uamuzi ni uleule: itupe.

"Vinasambaa hewani kama mafua."

Virusi vingi vya kuvu havina njia ya kutoka nje ya seli na kuingia nyingine. Hupita nyuzi mbili zinapogusana na kuungana, au husafiri ndani ya mbegu-vumbi za uyoga. Kwa hiyo kinachopeperuka ni vumbi la uyoga, na virusi ni abiria.

Chuma mamama kabla kingo za kofia hazijapinduka juu na vumbi jeupe kuanza kuanguka. Mifuko iliyochoka itoke bandani, isirundikwe mlangoni. Na acha mtindo wa kumega mfuko wa zamani kuanzishia mpya: unaokoa bei ya chupa moja ya mbegu na kurithisha ugonjwa wote uliomo.

"Dawa ya ukungu itavimaliza."

Uyoga wenyewe ni kuvu. Ukipulizia dawa ya ukungu, unayemuua ni mwenyeji wa virusi, yaani uyoga wako.

"Ukila uyoga huo utaugua."

Hakuna virusi vya kuvu vinavyojulikana kuambukiza binadamu. Uyoga uliooza ni habari nyingine.

"Kila virusi ni hasara."

Hapa watu hushangaa. Kuvu wengi hubeba virusi bila dalili yoyote. Baadhi ya hamira zenye virusi hutoa sumu inayoua hamira jirani, zenyewe zikabaki salama. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kuna nyasi inayostahimili udongo wa moto kwa sababu ya kuvu anayeishi ndani yake. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuvu huyo akiondolewa virusi vyake, ustahimilivu unapotea.

Ulaya, kuvu anayekausha miti ya chesnati alidhoofishwa na virusi: gamba hutobolewa kuzunguka kidonda, kisha kuvu aliyeambukizwa hupakwa kwenye matundu, nyuzi zikaungana na virusi vikahamia. Marekani mbinu hiyohiyo ilikwama katika sehemu nyingi, kwa kuwa kuvu wa huko ana koo nyingi, na nyuzi za koo tofauti hukataa kuungana. Ndiyo maana si jambo la kuchukua chupa ya virusi na kuipulizia fugwe, ugonjwa wa kuvu mweusi kwenye mahindi. Na mkulima wa viazi wa Njombe akiuziwa "virusi vya kuvu" kwa ajili ya bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani ya viazi, ajue kwamba kimelea cha ugonjwa huo si kuvu kabisa. Ni jamaa wa mwani.