Kafanana naye tu, lakini siye

Bi mkubwa mmoja wa Pemba aliletwa kwangu na mwanawe. Akanivuta karibu, akaninong'oneza: "Daktari, huyu kijana kafanana mno na mwanangu, hata kovu la kidevuni analo. Lakini siye." Kijana kajiinamia, machozi yanamlenga. Mtaani walikwishamwambia mamake kachezewa na shetani.

Hali hii ya kumuona jamaa yako kama mgeni aliyefanana naye ilielezwa Ufaransa mwaka 1923 na daktari wa maradhi ya akili Joseph Capgras na mwenzake, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado familia zetu zinaibeba kama aibu.

Fikiria unashuka melini kwenye bandari ya Mkoani. Nyuso za watu zinapita kama maji, kisha moja inakushika: mjomba! Nyuso zote hizo, za wageni na za jamaa, zimepita sehemu ya chini ya ubongo iitwayo fusifomu, hasa upande wa kulia. Ukivalishwa waya za kupima umeme wa kichwa, alama yake huonekana takriban sehemu 170 za elfu moja ya sekunde baada ya kuuona uso. Lakini uso wa mjomba huamsha na mengine: jina, ukoo, na ule mshtuko mdogo wa moyo unaopitia amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia. Viganja hutoa jasho jembamba ambalo wewe hulioni, mashine inaliona.

Mwaka 1985 watafiti wa ubongo Daniel Tranel na Antonio Damasio waliwapima wagonjwa wasioweza kutambua nyuso. Mgonjwa anasema simjui huyu, na ngozi yake inaitika kwa jamaa yake. Kwa bi mkubwa wangu ni kinyume: macho yanamjua mwanawe mpaka kovu, ila ile joto ya kumuona mwana haifiki. Ubongo unabaki na uso wa mwana usio na mwana ndani yake, ndipo unapotunga maelezo: huyu ni mwengine.

Chanzo chaweza kuwa kiharusi, maradhi ya usahaulifu wa uzeeni, au skizofrenia, maradhi ya akili. Kwa hivyo mleteni mgonjwa mapema apimwe, na msibishane naye. Kubishana kunamtia hofu tu.

Sauti ina njia yake nyengine ya kufika moyoni, nayo wakati mwengine husalimika. Nilimwomba kijana atoke nje, ampigie mamake simu. Bi mkubwa akaipokea, uso ukamkunjuka.

"Mwanangu! Waja lini?"