Menyu ya Linux haijafungwa

Kwenye vibanda vya fotokopi vya Kadutu, hapa Bukavu, bado utasikia kwamba menyu ya Linux, yaani orodha ya programu kwenye mfumo huo wa kuendesha kompyuta, haiguswi bila neno la siri la msimamizi. Si kweli, na ni miaka mingi sasa.

Karibu kila jina unaloliona kwenye menyu ya GNOME, KDE au Xfce (sura mbalimbali za skrini ya Linux) linatokana na faili dogo la maandishi linaloishia na .desktop. Mafaili ya mfumo mzima yamo /usr/share/applications. Huko ndiko ruhusa inadaiwa. Ya kwako yanakaa ~/.local/share/applications (alama ~ ni folda yako binafsi), na hapo huna wa kumwomba. Nakili moja kutoka kule, libadilishe, basi. Likibaki na jina lilelile, lako ndilo litakalosomwa.

Watu hukwama kwenye mstari wa Exec, ule wa ndani ya faili unaotaja amri ya kuendeshwa. Amri iliyokwenda vizuri kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) inawekwa pale, unabofya, kimya! Mstari huo haupiti kwenye sheli, programu inayotafsiri amri za terminali, kwa hiyo alama ~ haigeuki kuwa njia ya folda yako, wala && haiunganishi amri mbili. Andika njia nzima, kama hapa ambapo rsync inanakili folda kwenda kwenye flashi:

Exec=rsync -a /home/duka/Faktire /media/duka/flashi

Ongeza Terminal=true ukitaka kuona kinachoendelea. Amri zikiwa ndefu, mimi huziweka kwenye skripti (faili la amri), naipa ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, kisha Exec inaiita hiyo tu. Kupigana na alama za nukuu ndani ya Exec ni kujitafutia maumivu ya kichwa.