Jiwe Jeupe Mezani: Kutambua Madini Usiyoyajua kwa Vifaa vya Nyumbani

Katika mawe ambayo wananchi wa Kigoma hutuletea wakitaka kuambiwa ni nini, jiwe jeupe ndilo linaloongoza, na mara nyingi aliyelileta huwa ameshalipa jina kabla hajaketi: huyu anasema almasi, yule anasema marumaru, mwingine amehakikishiwa na jirani kuwa ni kito cha bei kubwa. Makala haya yanamlenga mtu anayekusanya mawe kwa kupenda tu, asiye na maabara. Rangi tunaiweka kando tangu mwanzo, kwa sababu kwatzi, kalsiti, dolomiti, feldispa, jasi na bariti zote huweza kuwa nyeupe, na zote huweza kugeuka nyekundu au manjano kutokana na kutu ya chuma iliyopenya katika nyufa. Anayekusanya hana budi kuuliza kwanza jiwe hilo haliwezi kuwa nini, kisha ayaondoe majina moja baada ya jingine.

Vunja kwanza kipande kidogo ili upate uso mpya, kwa kuwa ngozi ya nje imekwisha kuliwa na mvua na jua na haisemi ukweli. Lifunge jiwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kabla ya kulipiga nyundo, na uvae miwani; vumbi la kwatzi likivutwa mara kwa mara huharibu mapafu.

Jaribio la kwanza ni la ugumu. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa namba, kuanzia talki yenye namba 1 hadi almasi yenye namba 10, akizingatia ni lipi linaloweza kulikwaruza jingine. Ukucha wa binadamu una ugumu wa takriban 2.5, na kisu cha kawaida pamoja na kioo cha dirisha hukaribia 5.5. Jasi, yenye namba 2, hukwaruzwa kwa ukucha. Kalsiti ina namba 3, dolomiti ina 3.5 hadi 4, na zote mbili hukatwa na kisu bila taabu. Feldispa yenye namba 6 na kwatzi yenye namba 7 humshinda mwenye kisu, tena huacha mchoro kwenye chupa. Hapa ndipo wengi hukosea: kisu kikipitishwa juu ya kwatzi huacha mstari wa kijivu, na mtu akadhani jiwe limekwaruzika, kumbe ni chuma cha kisu kilichosagikia juu yake. Lowesha kidole ufute. Mstari ukitoka, kilichoshindwa ni kisu.

Kwatzi na feldispa hazitenganishwi kwa kioo, bali kwa namna zinavyovunjika. Feldispa hupasuka kwa kufuata nyuso mbili bapa zinazokutana karibu pembe mraba, na ukiigeuzageuza juani kila uso humetameta wote kwa mara moja kama kioo kidogo. Kwatzi haina mpasuko wa namna hiyo. Huvunjika kwa mikunjo iliyopinda, kama kitako cha chupa iliyovunjika. Ndugu zetu wa Tabora wana darasa la bure katika jambo hili, kwa kuwa miamba yao mikubwa ya matale (graniti) hubeba madini haya mawili ubavu kwa ubavu: punje za kijivu zinazofanana na kioo ni kwatzi, na zile nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa ni feldispa.

Kigoma hali ni tofauti, kwa kuwa tuna jiwe mchanga la kale, miamba ya chokaa yenye dolomiti, na lava ya kale ambayo wanajiolojia huiita Gagwe, iliyojaa vitundu ambavyo baadaye vilizibwa na madini mengine. Kwa hiyo jiwe jeupe la huku lijaribiwe pia kwa siki au ndimu. Kalsiti hutoa mapovu mara moja. Dolomiti hutoa kwa shida, tena baada ya kusagwa kuwa unga na siki kupashwa moto. Tangulia kudondosha maji matupu, kwani jiwe kavu lenye vitundu hutoa viputo vya hewa likiloweshwa tu, na viputo hivyo vimewadanganya hata wanafunzi wa chuo.

Jiwe likikuelemea mkono kuliko ukubwa wake, pima uzito wake kwa kulinganisha na maji. Weka bakuli la maji juu ya mizani ya jikoni, rudisha namba kwenye sifuri, kisha uning'inize jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa chini. Gawanya uzito wa jiwe kavu kwa namba inayosomeka: jiwe la gramu 132 likisomeka 50 majini, jibu ni 2.64, karibu kabisa na 2.65 ya kwatzi. Kwa mawe meupe jaribio hili husifiwa kupita kiasi, maana kalsiti ina 2.71 na feldispa nazo zimo humo humo. Lakini bariti yenye 4.5 hujitenga papo hapo.

Vipande vinavyong'aa kama dhahabu mchangani kwa kawaida ni ulanga uliochakaa, ambao hubanduka kwa sindano kuwa tabaka nyembamba. Piriti, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu, husagika na kuacha unga mweusi wenye ukijani juu ya mgongo wa kigae usiopakwa rangi ya kung'aa, ilhali dhahabu huacha mstari wa manjano. Na lile jiwe la kijani linaloonekana kama zumaridi, lililookotwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, lichunguzwe kwanza kwa lenzi: likiwa na viputo vya mviringo ndani, ni kipande cha chupa kilicholainishwa na mawimbi.

Mahali jiwe lilipookotwa pana thamani kuliko majaribio yote hayo. Andika kijiji, tarehe, na kama lilikuwa limeshikamana na mwamba au limelala njiani. Kokoto za reli haziwezi kukueleza miamba ya hapo ulipozikuta, kwa sababu zililetwa kutoka kwenye machimbo ya mbali. Usiokote chochote ndani ya Hifadhi za Taifa za Gombe na Mahale, na ukumbuke kwamba Sheria ya Madini hairuhusu kutafuta, kuchimba wala kuuza madini bila leseni.

Majaribio yakikwama, sampuli ipelekwe maabara, kwa mfano ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyopo Dodoma. Peleka vipande viwili, kimoja kikiwa bado na ngozi yake ya nje na kingine kikiwa na uso mpya, pamoja na karatasi ya majaribio uliyoyafanya, yakiwemo yale yaliyokupa majibu yanayopingana.