Nani anaruhusiwa kuona rekodi za simu yako?

Wananchi wa Kigoma, iwe Mwanga au Ujiji, hutuuliza sana kama serikali inasikiliza simu zao. Wanachosahau kuuliza ni kuhusu rekodi zinazobaki baada ya simu kukatwa: namba uliyopiga, saa, muda wa maongezi na mnara uliokuhudumia. Hizo zipo kwenye kampuni ya simu hata kama sauti yako haikurekodiwa.

Chukua mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Alfajiri anapiga Uvira, nchini Kongo, asubuhi anaongea na wakala wa fedha, mchana laini yake inashika mnara wa jirani na Hospitali ya Maweni, na jioni anamtafuta wakili. Afanye hivyo wiki tatu mfululizo, na mwenye rekodi hizo atakisia biashara yake, afya yake na kesi yake. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo jina nalo linajulikana.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi hiyo, mamlaka ya kuamuru data zitolewe kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Polisi huomba amri ya mahakama pale tu njia hiyo inaposhindikana. Kwa maoni yangu, mpangilio huo umekaa kinyume. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifuta agizo la kutunza rekodi za watu wote, na kasoro mojawapo iliyotajwa ni kwamba maombi ya kuona rekodi hizo hayakulazimika kupitiwa kwanza na mahakama au chombo huru.

Kwetu, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeleta Tume ya kupokea malalamiko, ingawa masuala ya jinai na usalama wa taifa yana misamaha yake.

Na hao wanaotafuta mtu wa ndani awaprintie simu za mwenza? Wivu si upelelezi wa jinai. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamfunga mfanyakazi wa kampuni ya simu kutunza siri za wateja. Ukiona rekodi zako mikononi mwa mtu asiyehusika, lalamika kwa maandishi kwenye kampuni yako, ubaki na nakala, kisha nenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, au kwenye Tume.