Je, wajua kwa nini mlango wa mbao hugoma masika na kulegea kiangazi?

Kila mwaka mvua zikikolea Tabora, mafundi seremala huitwa kwenye nyumba za watu kwa kazi ileile: kuranda milango. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole mwezi wa tisa, mwezi wa kwanza unasukumwa kwa bega, na ulimi wa kitasa haulioni tundu lake. Mwenye nyumba anaamini mlango umeharibika. Mara nyingi ni mzima kabisa, ila umevimba.

Mbao ikishakatwa na kukauka haiachi kupokeana maji na hewa. Ndani ni nyuzi nyembamba zenye uwazi, mithili ya matete yaliyofungwa pamoja, na kuta zake hunyonya mvuke na kutanuka. Hewa ikikauka, mvuke hutoka na mbao husinyaa. Penye hewa yenye unyevu wa asilimia 40, mbao hutulia ikiwa na maji ya asilimia 7 au 8 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukipanda hadi asilimia 80 na kukaa hapo, maji ndani ya mbao hufika kama asilimia 16. Mlango hauhitaji kunyeshewa hata tone moja. Hewa ya masika inatosha.

Lakini mbao haivimbi sawa kila upande. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Inayobadilika ni upana. Chukua mlango wa sentimita 80, wa mbao zilizosimamishwa na kugundishwa ubavu kwa ubavu. Mbao nyingi hutanuka kama robo ya asilimia kwa kila asilimia 1 ya maji inayoongezeka. Maji yakiongezeka asilimia 5 tu, mlango huo umepanuka sentimita nzima, na nafasi ambayo fundi huacha kati ya mlango na fremu ni milimita 3 hivi. Utafungukaje?

Hapo ndipo inapoonekana akili ya mlango wa paneli, yaani wa fremu iliyojazwa mbao nyembamba katikati. Upana wake umejengwa na vipande viwili vya wima pembeni na vya mlalo katikati. Vile vya mlalo vimelaza nyuzi zake kwa upana wa mlango, kwa hiyo havisogei. Vinavyovimba ni vile viwili vya wima tu, vyenye jumla ya sentimita 24 kwa mfano, na kwa hesabu ileile ongezeko ni milimita 3. Paneli nazo huvimba, ila zimekaa ndani ya mfereji zikiwa na nafasi ya kucheza. Fundi akizipaka gundi humo, kiangazi zitapasuka, na hapo lawama si ya mbao.

Milango ya nakshi ya mtindo wa pwani, uliofika Tabora na Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19, ina njia yake. Huwa na mbawa mbili, na mfaa, yaani mti wa wima wa katikati, uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja hufunika mwanya wa katikati. Mwanya ukipungua au ukiongezeka, aliye nje haoni.

Aina ya mti nayo ina neno kubwa. Mninga wa misitu ya miombo, inayoizunguka Tabora, unasifika kwa sababu husinyaa na kuvimba kidogo sana kuliko mbao nyingi. Ndiyo maana fremu ya mninga hukaa miaka bila kupinda. Mkaratusi hucheza sana, hasa ukipigwa msumari ukiwa mbichi. Paina si mbaya, mradi imekauka.

Tena kuvimba huku si hasara kila mahali. Ziwa Tanganyika, boti ya mbao iliyokaa nchi kavu muda mrefu huvuja ikirudishwa majini. Ikishaloweka, mbao hutanuka, zikabanana na kuziba mianya.

  

Sasa, kabla ya kumwita fundi, tazama mlango unagusa wapi. Ukikwaruza sakafu, usilaumu mvua, maana urefu wa mlango haubadiliki hivyo. Kagua bawaba ya juu. Pengine skrubu zimelegea na mlango umening'inia. Ukibana ubavuni, upande wa kitasa, kuanzia juu hadi chini, na ulikuwa sawa kiangazi, huko ndiko kuvimba. Sugua mshumaa au sabuni kavu sehemu inayogusa, uvumilie wiki kadhaa.

Kuranda sana katikati ya mvua ni kosa ninalolisikitikia kila nikiliona. Mlango unakatwa ukiwa umefika upana wake wa mwisho, na kufikia mwezi wa nane mwanya unapitisha vumbi na hata mjusi. Kama hakuna budi, randa kidogo tu, na ubavu ulioachwa wazi upakwe rangi au vanishi siku hiyohiyo.

Dawa yenyewe ni ya mwezi wa nane au wa tisa, mbao ikiwa kavu. Ung'oe mlango kwenye bawaba, uulaze, upake pande zote sita. Wengi hupaka mbele na nyuma wakasahau kingo za juu na chini, kwa kuwa hazionekani, na ndizo penye vichwa vya nyuzi, panaponyonya maji kwa kasi kuliko popote. Milango ya plaiwudi huanzia hapohapo kubanduka, hasa ya bafuni na ya nje. Na ukiagiza mlango mpya, muulize fundi mbao zimepangwa kivulini muda gani, na kama zimetenganishwa kwa fito ili hewa ipite. Ubao wa inchi moja huhitaji kukaa hivyo miezi mingi kabla haujaguswa na randa.