Kabla ya kufunga gari nyuma ya basi, iulizie gia boksi yake

Marekani na Kanada kuna watu wengi wanaonunua basi kuukuu la shule, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko na tangi la maji, na likawa nyumba ya kusafiria. Siku hizi wamo na ndugu zetu waliohamia huko, na wanapotuuliza sisi wakufunzi wa ufundi wa magari huku nyumbani, swali lao huwa moja: nifunge gari gani nyuma ya basi langu? Wana haki ya kuuliza. Basi la mita 12 huliegeshi mbele ya duka kwa ajili ya paketi ya maziwa, na ukishalifikisha kambini, ukalisawazisha na kuliunganisha na maji na umeme, hutaki kuling'oa tena kwa ajili ya safari ya hospitali. Ndiyo maana watu huvuta gari dogo nyuma, mara nyingi magurudumu yake yote manne yakiwa barabarani.

Wengi huanza kuchagua kwa ukubwa, bei au jina la kampuni. Mimi nakuomba uanze na gia boksi, kwa sababu hiyo ndiyo huungua kimyakimya huku wewe umekaa mita 15 mbele yake, husikii mlio wala harufu.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna pampu ya oili, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikiwaka, oili hupelekwa kwa shinikizo kwenye gia, beringi na klachi zote za ndani. Sasa zima injini, weka gia kwenye N (nyutro), kisha livute gari hilo kwa saa nne. Magurudumu yanazunguka, na yanazungusha sehemu ya gia boksi iliyoungana nayo, lakini pampu imelala. Chuma kinasuguana na chuma bila oili ya kutosha, joto linapanda, na ukifika unakuta gari linawaka vizuri ila haliendi mbele wala nyuma. Kuiweka kwenye N hakujaiokoa. N huachanisha injini na magurudumu, haisimamishi kila kinachozunguka ndani.

Gia boksi ya manyueli kwa kawaida huvumilia zaidi, kwa kuwa nyingi hujipaka oili kwa gia zake kuzunguka ndani ya dimbwi la oili. Nyingi, si zote. Kuna ambazo gia ya kurusha oili huzungushwa na upande wa injini, na hizo zikivutwa hukauka kama otomatiki.

Kwa hiyo hakuna orodha ya magari mazuri na mabaya inayoweza kudumu. Chukua Honda CR-V. Hadi toleo la 2014 lililouzwa Marekani, kitabu chake kiliruhusu kuvutwa magurudumu yote chini kwa kufuata hatua maalumu, na wenye mabasi walilipenda sana. Toleo la 2015 likaja na gia boksi ya CVT, ile ya mkanda na puli, na ruhusa ikaondoka. Ukiyaweka magari hayo mawili sokoni bega kwa bega, mtu asiyejua ataona tofauti ya rangi na bei tu. Ndiyo maana nasisitiza kitabu cha mwenye gari, cha mwaka uleule na gia boksi ileile. Tafuta ukurasa unaozungumzia kuvutwa nyuma ya gari-nyumba, usome kabla hujatoa pesa. Neno la muuzaji halitoshi, na kwa hili hata neno la fundi halitoshi.

Jeep Wrangler imepata sifa yake kwa sababu ya kimaumbile kabisa. Ni forwili yenye transfa, yaani boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inayoweza kuwekwa kwenye N yake yenyewe. Hapo shafti za mbele na za nyuma zinaachana na gia boksi kuu, na gia boksi inakaa imetulia kwenye P huku magurudumu yakizunguka. Si kila forwili ina nafasi hiyo ya N. Magari mengi ya kisasa yanayoendeshwa na magurudumu yote muda wote hayana, na hayo hata kuyanyanyua magurudumu mawili tu ni kuyaua.

Mahuluti, yaani magari yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, na magari ya umeme yana shida nyingine. Kwenye Toyota Prius, magurudumu ya mbele yakizunguka yanazungusha mota, nayo mota ikizungushwa huzalisha umeme hata kama hujauomba. Kitabu chake kinakataza kulivuta magurudumu ya mbele yakiwa chini.

Niseme neno moja na wa nyumbani pia, maana jambo hili haliko Marekani tu. Magari mengi ya mitumba ya Kijapani kwenye barabara zetu ni otomatiki, na kitabu, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Gari linaharibika Chalinze, linafungwa kamba, linavutwa hadi Dar es Salaam. Lililokufa lilikuwa alternator, na linafika limekufa na gia boksi. Kama gari lako linaendeshwa na magurudumu ya mbele, breakdown inyanyue mbele. Kama ni forwili ya muda wote au mahuluti, lipakie lote juu ya lori.

Turudi kwenye basi. Ukishapata gari ambalo gia boksi yake inaruhusu, fanya hesabu ya uzito. Tuseme gari-nyumba lililoundwa kiwandani lina kikomo cha uzito wake lenyewe cha pauni 22,000, na kikomo cha jumla pamoja na linachovuta cha pauni 26,000. Kwenye chuma cha kuvutia pameandikwa pauni 5,000. Wengi husoma hiyo 5,000 wakaridhika. Lakini gari-nyumba hilo likiwa limejaa maji, mafuta, vyombo na watu hadi kufikia kikomo chake, kilichobaki ni pauni 4,000, basi. Lipeleke kwenye mizani ya malori likiwa limepakiwa kama siku ya safari, ndipo utoe uzito huo kwenye kikomo cha jumla. Basi kuukuu la abiria ni gumu zaidi, kwa kuwa mengi hayakuundwa kuvuta kitu. Chuma cha kuvutia lazima kishikwe na mifupa ya basi, na kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua chesisi ya basi hilo. Kuchomelea kwenye bampa ni kumwachia gari mwenzako wa nyuma barabarani.

Breki za gari linalovutwa nazihesabu kuwa lazima, hata pale sheria ya jimbo inaponyamaza. Gari la kilo 1,600 likienda kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya mwendo zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya kilomita 80, na nguvu hiyo yote inalisukuma basi mgongoni unapokanyaga breki kwenye mteremko. Kipo kifaa cha kukanyaga pedeli ya gari la nyuma pamoja na yako, na kama basi lako lina breki za upepo, upepo huo unaweza kukiendesha. Kiwe na waya wa kufunga breki gari likichomoka. Minyororo miwili ya usalama ipite msalaba. Taa za nyuma ziwake pamoja na za basi.

La mwisho ni kurudi nyuma. Gari lililofungwa magurudumu manne chini halirudishwi kinyumenyume: matairi yake ya mbele hupinda yenyewe hadi mwisho wa usukani, na ukiendelea kusukuma unapinda chuma au unavunja viungo vya usukani. Ukikaribia kituo cha mafuta, tafuta kwanza pa kutokea. Ukishakwama, shuka ulifungue gari, liendeshe pembeni, kisha urudishe basi peke yake.